Malkia Seondeok na chumvi ya tamthilia

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2009 kuhusu Malkia Seondeok wa Silla (ufalme wa kale wa Korea), ambayo baadhi ya watazamaji huichukulia kama kitabu cha historia. Mishil, hasimu mkuu wa malkia, ambaye Go Hyun-jung alimwigiza kwa ustadi hata akamfunika malkia mwenyewe (nakiri nilikuwa upande wake), anafahamika kutokana na andiko ambalo wanahistoria wanabishania uhalisi wake.

Mvutano wa kweli haukuhitaji kutiwa chumvi. Seondeok alirithi kiti mwaka 632 kwa kuwa baba yake, Mfalme Jinpyeong, hakuacha mtoto wa kiume, na daraja la juu kabisa la ukoo, lililoitwa mfupa mtakatifu, lilikuwa limeishiwa wanaume. Mwaka 647 Bidam, aliyeongoza baraza la wakuu, aliasi kwa hoja kwamba mwanamke hawezi kutawala vyema. Masimulizi ya kale yanaeleza kuwa nyota ilipoanguka upande wa jeshi la malkia na askari wakaingiwa hofu, jemadari Kim Yusin alirusha usiku tiara iliyobeba sanamu inayowaka moto, ili ionekane kwamba nyota imerudi mbinguni.

Tamthilia imemgeuza Bidam kuwa mpenzi aliyejeruhiwa moyo, na hoja yake ya kisiasa ikazama katika machozi. Hoja hiyo ilishindwa: Seondeok alifariki mwaka huohuo, na aliyemrithi, Jindeok, alikuwa mwanamke pia.

Wako,
Msomaji na mtazamaji