Mbwa mwitu sio mmoja, na wote wanategemea chanjo ya mbwa wetu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi nafuga mbwa na kuna kitu kinanikera sana kwenye habari za wanyama, mwandishi anasema mbwa wametokana na mbwa mwitu, sawa, halafu picha inayowekwa ni ya yule mwenye mabaka na masikio ya duara anayewinda kwa makundi huku Afrika. Jamani huyo siye! Shida ni kwamba Kiswahili kimewapa wanyama wawili jina moja, yule mkubwa wa kijivu wa nchi za baridi ni mbwa mwitu na huyu wa mabaka naye ni mbwa mwitu, basi watu wanawachanganya kila siku.

Ukoo wa mbwa ni wa yule wa kijivu. Na hata hapo tuelewane, sio hawa wanaoishi leo, ni kizazi cha zamani ambacho kilishatoweka, kwa hiyo wa leo ni binamu tu wa mbwa. Huyu wa mabaka alijitenga na ukoo huo mamilioni ya miaka nyuma. Angalia mguu wa mbele, mbwa wako ana vidole vitano ukihesabu na kile kidogo cha juu kisichogusa chini, yeye ana vinne, na hawezi kuzaa na mbwa. Wa kijivu anazaa naye bila shida na watoto wao nao wanazaa, mpaka ile rangi nyeusi ya mbwa mwitu wa Amerika Kaskazini DNA imeonyesha asili yake ni kwa mbwa.

Kinachonigusa zaidi ni hiki. Mwaka 1914 huko Ujerumani, sehemu inaitwa Bonn-Oberkassel, lilipatikana kaburi la mwanamume na mwanamke na ndani yake mifupa ya mbwa mchanga, ni kama miaka 14,000 iliyopita, yaani kabla mtu yeyote hajafuga mbuzi. Meno ya yule mbwa yana alama za ugonjwa mkali, na waliomchunguza wanaona ni distempa, kile kirusi kinachoua watoto wa mbwa hadi leo. Aliugua wiki kadhaa, na mbwa wa hali ile hafiki popote bila mtu wa kumnywesha maji na kumfuta uchafu. Hakuwa na faida yoyote ya kuwinda wala kulinda, walimuuguza tu kwa sababu ni wao.

Sasa distempa hiyo hiyo pamoja na kichaa cha mbwa ndiyo inawamaliza ndugu zake porini, na inatoka kwa mbwa wetu ambao hawajachanjwa. Kwenye milima ya Bale, Ethiopia, kuna mbwa mwitu wa aina yake mwekundu, anaishi kwa kula panya na fuko, duniani kote wamebaki kama 500 tu. Kichaa cha mbwa kiliwapiga mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikarudi 2003, 2008 na 2014, na katikati hapo 2010 ikaja distempa. Wao wanatembea kwa familia na wanasalimiana kwa kulambana, kwa hiyo mmoja akiumwa na mbwa mgonjwa wa mchungaji ukoo mzima unaondoka. Na sio wao tu, mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, simba!, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa ndio maana baadaye wakaanza kuchanjwa.

Kwa kichaa cha mbwa wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100 ugonjwa unakosa njia, na hapo anapona binadamu na mnyama wa porini kwa sindano moja. Wenzangu mnaofuga, kadi ya chanjo ya mbwa wako ina tarehe ngapi?

Na wewe mhariri, mkiweka tena picha ya mbwa mwitu naomba chini yake muandike ni yupi, wa kijivu, wa mabaka au yule mwekundu wa Ethiopia.

Mfugaji wa mbwa