Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: mikutano 4, mafunzo 2, maonyesho 1. Sitazirudia. Nitaeleza uamuzi uliozua maneno mengi, wa kuacha thiosulfati ya fedha, dawa tuliyokuwa tukichovya mashina ya maua yaliyokatwa ili yasinyauke upesi, na kuanza kufukiza maua hayo kwa MCP, gesi inayofanya kazi hiyo hiyo.

Imesemwa kuwa niliamua peke yangu. Si kweli. Wazo lilikuwa langu, nalikiri, lakini lilipitishwa kwenye mkutano wa pili, ambao kati ya wanachama 46 walihudhuria 13. Wasiokuja ndio wanaolalamika zaidi.

Thiosulfati ilitusaidia, hilo halina ubishi. Ila fedha ni metali nzito, na kila tulipomaliza kuchovya mashina tulibaki na ndoo ya maji yasiyofaa kumwagwa mtaroni. Wapo waliokuwa wakiyamwaga. MCP, ambayo Edward Sisler na Sylvia Blankenship walipata hataza yake Marekani mwaka 1996, hukalia vipokezi vya etilini ndani ya ua. Etilini, gesi inayolizeesha ua, ikija inakuta nafasi imeshachukuliwa. Na kiasi kinachohitajika hewani ni kidogo mno, hupimwa kwa sehemu katika bilioni.

Kwenye maonyesho niliweka vyombo viwili vya kanesheni karibu na kapu la matunda yaliyoiva, ambayo hutoa etilini. Zisizofukizwa zilijikunja petali kwa ndani, kama kiganja kinachofumba, zikalala. Zilizofukizwa zilibaki wazi. Waliofika waliona kwa macho yao.

Wenye jabera na tulipu wanasema hawakupata faida. Maua hayo hayasumbuliwi sana na etilini, nami nilisema tangu mwanzo: yanataka maji safi na mashina yaliyokatwa upya. Tena ufukizaji unahitaji saa kadhaa mlango ukiwa umefungwa barabara. Kuna aliyeufungua baada ya nusu saa akitafuta mkasi wake. Gesi ikatoka, maua yakanyauka, lawama nikabebeshwa mimi.

Ada: waliolipa 19, wanaodaiwa 27. Kwa hali hiyo hata turubai jipya la kuzibia chumba hatuliwezi. Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kujaribu okidi na pengine kupata chumba kikubwa zaidi.

Siku ya mkutano mkuu, Mweka Hazina atakaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti