Sindano za urembo: nani anafuatilia baada ya miaka?

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya sindano za kujaza midomo, mashavu na makalio yamejaa kwenye simu zetu. Karibu yote yana picha za kabla na baada, na hiyo ya baada hupigwa siku ileile. Ya mwaka wa tatu hatuioni.

Wengi hudhani wiki ikipita bila uvimbe wamesalimika. Sivyo. Silikoni ya maji ikichomwa chini ya ngozi, vinundu vigumu vyenye maumivu vinaweza kuibuka hata baada ya miaka mingi. Tena huhama, iliyochomwa makalioni inaweza kukutwa pajani. Kuitoa yote ni vigumu mno, na ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasiitumie kuongeza ukubwa wa sehemu za mwili. Asidi ya hayaluroniki, kijazio kingine kinachochomwa chini ya ngozi, ina nafuu kwa sababu ipo dawa ya kuiyeyusha, ingawa nayo huweza kuvimba miezi kadhaa baadaye, wakati mwingine mtu akishaugua mafua tu.

Kinachoniudhi zaidi ni saluni (ndiyo, saluni!) kumchoma mteja bila kumwambia amechomwa nini. Vinundu vikitokea, daktari ataanzia wapi? Naomba mamlaka zetu zilazimishe kila mteja apewe kadi yenye jina la dawa, namba ya toleo, tarehe na sehemu ilipochomwa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam