Watoto wanakuja maktaba Jumamosi, hadithi hakuna

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niseme langu kuhusu maktaba yetu ya mkoa. Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu inatazamana na geti la maktaba kwahiyo kutwa nzima nawaona wanaoingia na wanaotoka, na mwanangu wa darasa la tatu alikuwa mmoja wa watoto wa saa ya hadithi.

Saa ya hadithi ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Dada mmoja wa pale maktaba alikuwa anatandika mkeka chini ya dirisha, watoto wanavua kandambili mlangoni, anasoma yeye ukurasa mmoja halafu mtoto mmoja anasoma unaofuata, akikwama wenzie wanamsaidia, na wakimaliza kila mtu anaazima kitabu chake cha kurudisha wiki ijayo. Mwanangu alipoanza alikuwa anasoma silabi moja moja huku kidole kiko kwenye mstari. Mimi nakatia patani kwenye magazeti ya zamani, sasa baada ya miezi kama minne hivi nikiwa nimeshika mkasi akawa ananizuia, "mama usikate hapo sijamaliza." Mhariri siku ile niliweka mkasi chini nikamsubiri amalize.

Basi yule dada akahamishwa kituo na saa ya hadithi ikaishia hapohapo. Hakuna aliyepewa kazi yake, wala hakuna tangazo lililobandikwa. Watoto wakaendelea kuja Jumamosi baada ya Jumamosi, wamepakwa mafuta, vitabu wameviweka kwenye mfuko wa nailoni visilowe, mlinzi anawaambia leo hakuna, wanakaa kidogo kwenye ngazi halafu wanarudi nyumbani. Siwalaumu waliobaki maana naona walivyo wachache, mmoja huyohuyo anapokea vitabu, anagonga mihuri, anapanga kabatini. Ila kazi ya yule dada ilikuwa ya saa moja tu kwa wiki, jamani, hata mwalimu mstaafu au mwanafunzi wa chuo cha ualimu akiombwa atakuja.

La pili ni habari za vitabu. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi redio zilitangaza mpaka tukajisikia kama ni ndugu yetu, na watu wakawa wanaulizana vitabu vyake vinapatikana wapi na vipo kwa Kiswahili? Mwaka 2022 riwaya yake moja ikatoka kwa Kiswahili, inaitwa Peponi, aliyetafsiri ni Ida Hadjivayanis. Mteja wangu mmoja mwalimu alikuwa anachanga hela aagize Dar. Kumbe kipo hapahapa! Nimekiona kwa macho yangu siku nimeenda kurudisha kitabu cha mtoto, kiko kabati la nyuma ya kaunta, nikafungua mwisho pale panapobandikwa karatasi ya mihuri, nyeupe kabisa, hakuna hata muhuri mmoja. Kitabu ambacho mtu alikuwa anakitafuta mpaka Dar kimekaa hatua hamsini kutoka kwenye fremu yangu na hakuna aliyeambiwa, hilo limeniuma sana.

Na siyo hicho tu. Kila tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, wanatangazwa washindi wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, tunawaona kwenye TV wanapewa hundi, baada ya hapo vitabu vyao vikitoka sisi wa huku tunajuaje vimefika? Mwalimu mwenyewe ndiye aliyefungua Maktaba Kuu ya Dar tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, siku kubwa namna hiyo aliipa maktaba.

Ninachoomba kwa wahusika ni ubao getini. Ubao mweusi na chaki, basi, kila mwezi waandike vitabu vilivyoingia na siku ya hadithi. Watu wanapita hapo wakienda stendi, wataona. Wakitaka zaidi watume kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, au wapeleke karatasi msikitini na kanisani isomwe kwenye matangazo, mbona chanjo na mikutano ya mtaa tunatangaziwa hivyo na tunaenda. Kuna wanaosema watoto siku hizi wana simu, sijui ni watoto wa wapi, kwangu simu ni moja nashinda nayo kazini na bando likiisha limeisha, kitabu cha kuazima mtoto anakaa nacho wiki nzima na mdogo wake anachungulia picha.

Mimi najitolea kushona mito ya kukalia kwa vipande vya vitambaa vinavyobaki, hata ishirini, na kama tatizo ni mtu wa kuandika ubao naweza kuvuka barabara nikaandika mwenyewe, mwandiko wangu unasomeka. Jumamosi iliyopita walikuja watano. Niliwaita dukani nikawapa benchi la wateja, mwanangu akawasomea kitabu alichobaki nacho tangu yule dada aondoke, tarehe ya kukirudisha ilishapita zamani lakini wameshakisoma mara tatu na hawana kingine.

Fundi cherehani,
Kanda ya Ziwa