Likizo ya Lamu huanzia jikoni

Mhariri,

Wazazi wengi hapa Kisumu husema kwamba kuwapeleka watoto kuuona Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni anasa ya matajiri. Sikubaliani nao. Anayeroweka maharagwe usiku kucha, akayachemsha ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, akayagawa katika vyombo vidogo ili yapoe upesi kabla ya kuyagandisha, huokoa gesi pamoja na pesa ambazo, jioni za uchovu, huishia kwenye chipsi. Nauli hutoka hapo, ingawa si yote. Vichochoro vya Lamu vyenyewe hutembelewa kwa miguu. Naomba gazeti lako lituchapishie nauli za mabasi, si picha za hoteli za kifahari tu.

Msomaji,
Kisumu