Safari ya Sikukuu Pili, gari zile zile njia zile zile

Asalaam alaykum wana ukoo, Iddi ndo hiyo inabisha hodi, kwa hiyo Sikukuu Pili tunatoka kama kawaida yetu, saa 2 asubuhi Forodhani, na saa 2 ni saa 2 sio ile ya mjomba ya kungoja chai mpaka saa 4.

Tunafata ile njia ya treni ya zamani mpaka Bububu (watoto hawaamini kama Unguja ilikuwa na treni, wazee mtawahadithia), halafu tunapanda Kidichi kwa barabara ya mashamba kwenye hamamu (nyumba ya kuogea) aliyojenga Sayyid Said 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na baadae njia ya ndani mpaka Mangapwani kwenye shimo walilofichiwa watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku 1873. Pale naomba tusipige kelele wala selfi za kucheka jamani.

Mvua imenyesha sana, matope yapo. Mwaka jana gari ya mtu, Escudo, simtaji, ilizama kwenye matope mpaka vyuma tukaisukuma saa nzima na kanzu za Iddi, shangazi mpaka leo analia na doti yake. Basi forwili tu (gari zinazovuta magurudumu yote manne), kamba ya kuvutia, spea yenye upepo, na msipite juu ya mazao ya watu.

Bibi anakaa mbele gari ya kwanza, hilo halina mjadala. Pweza na mkate wa kumimina nani analeta?