Baga ya sangara, Kwaresima tu

Mpendwa Stella,

Salamu nyingi, na pole na joto la jikoni. Umeuliza kama kibanda chako cha chipsi hapo Mwanza nacho kitoe chakula cha msimu kama migahawa mikubwa ya ng'ambo. Kitoe, ila huo msimu uwepo kweli. "Muda mfupi tu" nyingi ni za kumkimbiza mteja, na akishashtuka hakimbii tena.

Chukua McRib ya McDonald's, ile migahawa ya baga ya Marekani. Ni nyama ya nguruwe iliyosagwa, ikaumbwa kama ina mbavu, ikachovywa kwenye sosi tamu na kuwekewa vitunguu na achari ya matango. Ilitoka Marekani 1981, ikaondolewa 1985, baadaye ikarudi. Mwaka 2005 wakaiaga rasmi. 2006 wakaiaga tena. 2007 wakaiaga mara ya tatu! Ujerumani nako inauzwa mwaka mzima, hakuna anayeililia. Huo ujanja kampuni kubwa inaumudu. Wewe wateja wako unakutana nao sokoni, watakuuliza.

Wajapani naona wamepatia zaidi. Tangu 1991, kila majira ya vuli, McDonald's ya huko inatoa baga ya tsukimi, yaani ya kutazama mwezi. Mwezi wenyewe ni yai lililokaangwa kwenye pete likatoka duara. Mayai ya duara tayari wanakaanga kwa ajili ya chai ya asubuhi, kwa hiyo jiko haliongezewi mtambo wowote. Kipya kinabaki kidogo tu, na mwezi wa vuli watu wa huko wanausherehekea tangu zamani, baga imeukuta.

Ila inayokuhusu hasa ni Filet-O-Fish. Lou Groen alikuwa na tawi la McDonald's huko Cincinnati, mtaa wenye Wakatoliki wengi, na Ijumaa za Kwaresima, kwa kuwa hawali nyama, mauzo yalikuwa yanakauka. Akabuni baga ya samaki. Bosi wake Ray Kroc akaja na yake, nanasi la kuchoma na jibini ndani ya mkate. Zikashindanishwa Ijumaa Kuu ya 1962, na hesabu inayosimuliwa mpaka leo ni samaki 350 kwa nanasi 6.

Mwanza una Wakatoliki wa kutosha, na sangara unaye mlangoni. Usidharau hilo la mlangoni: Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilichelewa melini, katika nchi inayolima viazi.

Siku zako ni 8 tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa 7, ya mwisho ikiwa Ijumaa Kuu. Hiyo wengi wanafunga, usitegemee mchana, wapikie jioni.

Kwa baga 40 kata vipande vya gramu 80, unene wa sentimita 2. Hiyo ni kilo 3.2 za minofu safi, basi nunua kilo 4, maana kingo nyembamba zitabaki. Usizitupe, zinafaa sambusa. Tumbo la sangara lina mafuta mengi, likikaangwa linakuwa laini mno na kumwagika kutoka kwenye mkate, chukua mgongo. Chumvi na limau, dakika 10, zisizidi. Ukimlaza kwenye limau saa nzima asidi inamuivisha kabla ya moto, na kwenye karai atavunjika vipande. Kisha mfute kwa kitambaa mpaka akauke. Hapa ndipo wengi wanaporuka, halafu wanalalamika kwamba ganda linabanduka. Unga wa ngano, yai, mwisho chenga za mkate mkavu, ukibonyeza kwa kiganja. Pumzisha dakika 10 chenga zishike.

Mafuta yawe nyuzi 180. Kama huna kipimo, tupia kipande kidogo cha mkate: kikiwa cha dhahabu ndani ya dakika moja, weka samaki. Vipande vinne vinne, dakika 3 hadi 4. Ukijaza karai mafuta yanapoa, na chenga zinayanywa kama sponji. Na karai la samaki liwe lake peke yake. Ukikaanga chipsi humo, Jumamosi nzima utauza chipsi zenye harufu ya sangara.

Mkate usiuchome, upitishe kwenye mvuke kama sekunde 15. Filet-O-Fish nayo mkate wake ni wa mvuke: mkate mgumu mteja anauuma kwa nguvu, samaki anachomokea upande wa pili. Sosi ni mayonezi, tango lililokatwa dogo likakamuliwa maji, limau, pilipili manga. Kachumbari weka pembeni, ndani italowesha ganda. Jibini kwa bei ya sasa achana nayo. Hata McDonald's kwenye Filet-O-Fish wanaweka nusu kipande.

Kwenye ubao andika tarehe ya mwisho, na Jumatatu ya Pasaka ufute. Watakaoiulizia Mei waambie mwakani.

Nisalimie Mama na watoto. Nijulishe minofu umeipata kwa shilingi ngapi kilo, tupige hesabu ya bei pamoja.

Wako,
Deo